Majina Sitini na Moja ya Toleo la Pili

Kabambare, 5 Juni 2024

Mjomba mheshimiwa,

Jambo yako, na jambo ya wote nyumbani. Pamoja na barua hii utapata fulashi nyeusi, ndogo kama kidole gumba, iliyofungwa ndani ya plastiki mbili. Muhindo, yule motari wa pikipiki anayepeleka watu na mizigo kati ya huku na Kasongo, ameapa kwamba ataitia mkononi mwako mwenyewe.

Mjomba, shule yetu ya Mapendano ina tovuti. Bado haijapanda mtandaoni, lakini ukichomeka fulashi kwenye kompyuta ya kamati ya jubilei utaiona yote: picha ya jengo la zamani, wimbo wa shule, na zile kurasa za rejista nilizokuja kupiga picha kwako wakati wa Pasaka. Nimefanya kazi siku kumi na sita katika sekretarieti ya Mama Jeanine, ambaye ananiazima meza na umeme wa jua wateja wake wa fotokopi wakiisha. Nilipoona jina la shule limekaa sawa juu ya ukurasa niliinuka nikacheza, na mteja mmoja akaondoka bila karatasi zake.

Najua kamati ilinipa kazi hii kwa sababu wewe ulisimama ukasema unanijua, tangu uliponilea. Jubilei ni tarehe 10 Agosti. Sitakuaibisha.

Ndani utakuta folda mbili, ya majaribio na ya toleo la kwanza, kila moja ina tarehe yake. Ndivyo tunavyofanya kazi hii: kila badiliko kubwa linapata folda mpya, na ya zamani inabaki.

Mpwa wako,
Darlène


Kasongo, 12 Juni 2024

Mpwa wangu Darlène,

Barua na fulashi vimefika vikiwa vikavu. Nilikwenda ofisini kwa kamati pamoja na Estelle, katibu wetu, akafungua kompyuta, na nikaliona jengo lile ambamo nilifundisha darasa la sita kwa miaka thelathini na minane. Nilikaa mbele ya kioo hadi Estelle akaniuliza kama nimeugua. Sikuugua. Nilikuwa nahesabu madirisha.

Kazi ni nzuri. Nina makosa thelathini na manne ya kukuonyesha. Orodha yake iko nyuma ya karatasi hii, kwa wino mwekundu.

Picha za rejista zitasomwa na nani? Mwandiko wa wenzangu wa zamani ulikuwa mbaya, na mchwa wamekula pembe. Majina yaandikwe upya kwa herufi safi, mwaka kwa mwaka.

Tena sielewi habari ya folda nyingi. Unajua desturi ya darasa langu. Mwanafunzi huandika kwanza katika karatasi ya kujaribia. Akiisha kunakili katika daftari safi, anasimama na kuichana ile ya kwanza mbele ya wenzake. Hivyo kosa halina pa kukaa. Wewe mwenyewe umechana karatasi nyingi mbele yangu. Mbona leo unazitunza?

Mjomba wako,
Kitenge


Kabambare, 20 Juni 2024

Mjomba mheshimiwa,

Makosa thelathini na manne yamesahihishwa. Hili ni toleo la pili, na majina yote yameandikwa upya. Ni elfu moja mia tisa na kumi na mawili. Nimeyanakili kutoka kwenye picha, herufi kwa herufi, hadi Mama Jeanine akaanza kuyaimba jikoni kwake.

Uangalie ukurasa wa miaka ya vita, kuanzia 1996. Rejista inaonyesha wanafunzi sitini na mmoja wa darasa la sita ambao waliandikwa mwezi wa tisa lakini hawakumaliza, maana watu walikimbia. Nimewaweka mahali pao, na mbele ya kila jina nimeandika "aliacha shule". Wengi wao, nasikia, wako Salamabila kwenye dhahabu, wakichimba au kuuza.

Umeniuliza kwa nini natunza matoleo ya zamani. Mwaka jana nilitengeneza ukurasa wa duka moja la dawa la hapa. Niliufanyia marekebisho juu ya faili lile lile kwa miezi miwili. Siku moja nikafuta ukurasa wa bei kwa kudhani nafuta nakala yake, na sikuwa na pa kurudi. Tangu siku hiyo kila toleo nalihifadhi mahali patatu: katika kompyuta yangu, katika diski ya Mama Jeanine inayolala kabatini kwake, na katika fulashi hii iliyo kwako Kasongo. Nyumba moja ikiungua, mbili zitabaki. Tena nina faili dogo liitwalo "mabadiliko", ambamo naandika nini kimebadilika, lini, na nani ameagiza.

Mama Jeanine anakusalimu. Anasema sauti ya kengele yako inasikika hadi Kabambare, maana nikipata barua yako nakaa wima.

Darlène


Kasongo, 29 Juni 2024

Mpwa wangu,

Nimesoma toleo la pili lote. Nimefurahi kuliko unavyodhani, na sasa nitakuwa mkali.

Orodha ya shule ni ya watu waliopata cheti. Asiyefanya mtihani hakumaliza, na asiyemaliza hana mahali pake katika orodha hiyo. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha. Estelle amenionyesha jinsi ya kuandika ndani ya ukurasa, nami kwa mkono wangu nimesahihisha tahajia za miaka mingine na kuondoa majina sitini na moja. Imenichukua saa mbili. Sasa orodha ni safi, na hilo ndilo toleo la tatu, liko peke yake katika fulashi inayorudi kwako. Yaliyotangulia nimeyafuta.

Nakuagiza nawe uyafute. Rais wa kamati, Mzee Ismaël, ndiye atakayefungua tovuti mbele ya watu mia nne, kwenye shuka jeupe. Macho yake ni ya uzee. Akibonyeza folda isiyo yenyewe, tutaonyesha makosa yetu hadharani. Futa katika kompyuta yako, futa katika diski ya Mama Jeanine, kisha uniandikie kwamba umefanya hivyo. Nimesimama kwa ajili yako mbele ya kamati. Nisimame na kitu kimoja, si vitatu.

Mjomba wako,
Kitenge


Kabambare, 6 Julai 2024

Mjomba mheshimiwa,

Nimefanya ulivyoniagiza. Nimefuta toleo la kwanza na la pili katika kompyuta na katika diski, na kapu la takataka nimelimwaga. Mama Jeanine alitazama kila kitu akiwa amefunga mikono. Akaniambia, "Weye unamuogopa muzee kuliko radi."

Toleo la tatu liko mahali patatu. Limependeza.

Darlène


Kasongo, 15 Julai 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima. Jua ni kali na barabara ni nzuri.

Nina jambo dogo. Kama, kwa bahati, kuna nakala ya toleo la pili iliyosahaulika mahali fulani, katika kompyuta au katika simu, ningependa kuitazama. Ni kwa kulinganisha tu. Hakuna haja ya kuhangaika, lakini Muhindo amekubali kungoja jibu lako siku nzima.

Mjomba wako,
Kitenge


Kabambare, 20 Julai 2024

Mjomba mheshimiwa,

Hakuna nakala. Nimetafuta hata katika simu yangu. Zile picha za Pasaka nilikuwa nimezihamishia kompyuta ili nipate nafasi, na zilikuwa ndani ya folda nilizofuta.

Lakini mbona unaniuliza kwa upole hivi? Katika maisha yangu hujawahi kuniandikia kwamba hakuna haja ya kuhangaika. Sasa nahangaika.

Kama ni majina yanayohitajika, rejista yenyewe si iko katika kabati lako, rafu ya chini, chini ya ramani? Estelle apige picha za ukurasa wa 1996 hadi 1998 kwa simu yake, anipe katika fulashi, nami kwa siku mbili nitakuwa nimeyarudisha yote. Ni kazi rahisi kabisa. Niambie tu.

Darlène


Kasongo, 24 Julai 2024

Darlène,

Rejista haipo. Niliichoma mwenyewe, juma lile lile nililokuagiza ufute. Mchwa walikuwa wamefika katikati, orodha safi ilikuwepo, nami nikafanya kama nilivyofanya siku zote. Niliichomea nyuma ya nyumba na kusimama pale mpaka iishe.

Sasa nitakueleza nilichokuficha. Tarehe 13 tulionyesha toleo la tatu kwa wazee wa kamati na wageni wachache ili kujaribu projekta. Watu walishangilia, kila mmoja akitafuta jina lake. Miongoni mwa wageni alikuwa Régina, muuguzi. Alikaa dawati la mbele katika darasa langu, mwaka wa shule ulioanza 1996, na alikuwa wa kwanza katika hesabu mpaka siku watu walipokimbia. Aliomba ukurasa upandishwe, kisha ushushwe, kisha upandishwe tena. Halafu akaniuliza, polepole, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka, "Mwalimu, na miye niko wapi?"

Nilianza kumweleza habari ya vyeti. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwaka ule hakuna aliyetupatia mutihani, Mwalimu. Na weye ulikimbia." Ni kweli. Nilikimbia siku moja nao, nikiwa nimebeba rejista ile kichwani ili isilowe tulipovuka mto. Nimekuwa nikisimulia habari hiyo kwa fahari miaka yote hii, wala sikuwahi kufikiri kwamba niliokoa karatasi ili siku moja nifute watu waliokuwa ndani yake.

Mzee Ismaël ameamua mbele ya wote: tovuti haitafunguliwa bila majina hayo sitini na moja. Kamati itaonyesha picha za karamu badala yake, na kazi yako haitaonekana. Tumejaribu kukumbuka. Tumepata majina kumi na tisa, na mawili kati yake tunayabishania.

Nimefundisha wanafunzi wengi, na nimewaadhibu wengi kwa ukaidi. Nakuomba, kama uliniasi hata kidogo, uniambie. Sitakasirika. Nitakushukuru.

Kitenge


Salamabila, 29 Julai 2024

Mjomba,

Naandika juu ya tangi la pikipiki kwa hiyo usisahihishe mwandiko. Tumeyapata. Tumeyapata yote, sitini na moja, na zaidi ya hayo.

Sikukuasi. Niliposoma barua yako nililia kidogo, kisha nikafikiri kama fundi: fulashi ilipita mikono ya nani? Yangu, yako, ya Estelle, na ya Muhindo. Muhindo alikuwa bado amesimama mlangoni. Nikamuuliza kama aliwahi kuifungua. Akaanza kukagua mnyororo wa pikipiki yake. Mama Jeanine akafunga mlango na kusimama mbele yake na ule mwili wake, na Muhindo akaungama.

"Dada, usinikasirikie. Ile fulashi ilikuwa na nafasi mingi, nikaona inakwenda bure. Nikamupa Aristote aniwekee miziki ya njiani."

Unajua kwamba Muhindo haendi Kasongo moja kwa moja. Huzungukia Salamabila, maana abiria wake wako huko. Na hapa kuna kijana mmoja, Aristote, mwenye kibanda cha kutia nyimbo na filamu katika simu za wachimbaji. Muhindo alikuwa anamwachia fulashi yetu, anatiliwa nyimbo, anasikiliza njia nzima, kisha anazifuta kabla ya kufika kwako. Aristote naye ana desturi yake: kila fulashi inayopita kwake anainakili yote, kwa kutafuta nyimbo mpya.

Nilipanda pikipiki saa hiyo hiyo. Vumbi limenifanya mzee kama wewe. Nilipofika nikamkuta Aristote ana folda ziitwazo "Muhindo 1", "Muhindo 2", "Muhindo 3", kila moja na tarehe, bila kuguswa. Mjomba, mtu huyu hajasoma kazi yetu mahali popote, na anahifadhi matoleo kuliko mimi.

Nikamwomba kwa heshima anipe ile ya pili. Akanitazama kana kwamba nimetoka kuamka. Akasema, "Unakuja kuchukua ya nini? Huku iko kwa kila mutu."

Ni kweli. Mchimbaji mmoja alikuja kutia nyimbo, akaona jengo la Mapendano katika kioo, akapiga yowe. Akataka itiwe katika simu yake. Kesho yake akaja na wenzake wanne. Tangu mwezi wa sita tovuti yetu inatoka simu hadi simu katika Salamabila nzima, watu wakijitafuta. Na waliojikuta hawakutosheka kujiona. Walimwagiza Aristote aandike mambo mbele ya majina yao, naye ana daftari limejaa. Nakunakilia machache kama walivyosema.

Kadogo, 1997: "Muandike niko muzima, nina watoto sita."

Léocadie, 1996: "Wanasema niliacha shule. Sikuacha. Ni shule iliniacha. Mubadilishe."

Yves, 1996: "Mwalimu Kitenge alinipiga fimbo tatu sababu ya daftari chafu. Mumuambie daftari ilikuwa ya Pacifique."

Pacifique, aliyekuwa amesimama pale pale: "Ni uongo."

Thelathini na wanane wamejipata wenyewe. Tisa wametajwa na wenzao kwamba walifariki. Waliobaki hawajajulikana, lakini majina yapo. Nimenakili folda zote tatu katika kompyuta yangu, katika simu yangu, katika simu ya Muhindo, na nikamwachia Aristote zake. Akaniambia nisithubutu kugusa kompyuta yake. Nimemkubalia kabisa.

Siku kumi na mbili zimebaki. Naondoka sasa.

Darlène


Kabambare, 5 Agosti 2024

Mjomba mheshimiwa,

Toleo la nne limekamilika. Sikurudisha tu lile la pili, maana marekebisho yako ya miaka mingine yalikuwa sahihi; niliyaweka matoleo mawili ubavuni, ukurasa kwa ukurasa, nikachukua usafi kwako na watu kwa Aristote. Maneno "aliacha shule" nimeyaondoa kama Léocadie alivyotaka. Mahali pake pameandikwa "darasa lilikatizwa na vita". Ya Yves na Pacifique nimeyaacha yote mawili, waendelee kubishana.

Natuma fulashi tatu zenye kitu kimoja, kwa motari watatu tofauti. Ya Muhindo ina nyimbo pia. Safari hii nimemruhusu. Folda ya kufunguliwa siku ya jubilei nimeipa jina FUNGUA HII. Mzee Ismaël hatakosea. Matoleo ya zamani yako katika folda ya pembeni, na nakuomba kwa heshima zote usiyaguse.

Siwezi kuja Kasongo, maana waliosoma Mapendano walioko hapa nao watakusanyika kwa Mama Jeanine tufungue siku moja nanyi. Katika faili la mabadiliko nimeandika hivi: "Toleo la nne. Majina sitini na moja yamerudishwa." Basi. Habari ya nani aliyeyaondoa sikuiandika. Watu wataweza kulisoma faili hilo, nami sioni sababu.

Mpwa wako,
Darlène


Kasongo, 12 Agosti 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Fulashi zote tatu zilifika, ya Muhindo ikiwa ya kwanza. Nilisikiliza nyimbo mbili. Ya pili si mbaya.

Jumamosi saa nne asubuhi Mzee Ismaël alibonyeza FUNGUA HII kwa kidole chake mwenyewe, na tovuti ya Mapendano ikatokea juu ya shuka, na dakika chache baadaye Estelle akatangaza kwamba imepanda mtandaoni pia. Sijawahi kusikia kelele kama ile ndani ya jengo lile, nami nimefanya kazi humo siku za kutangaza matokeo. Ukurasa wa 1996 ulipofika niliomba nisome majina. Walioko ukumbini waliitika. Kwa wasiokuwepo, simu zilianza kulia kutoka Salamabila, na Estelle akaziinua moja moja karibu na kipaza sauti. Yves aliitika kwa kupiga kelele mara mbili. Tulipofika kwa wale tisa, ukumbi ulisimama bila mtu kuwaamuru.

Sasa jambo la kukusahihisha. Faili lako la mabadiliko lilikuwa na pengo. Ulinifundisha mwenyewe kwamba huandikwa nini kimebadilika, lini, na nani ameagiza. Ijumaa nilikaa na Estelle nikaongeza mistari miwili, nikaihifadhi kwa tarehe ya siku ile, nayo ilionyeshwa Jumamosi pamoja na mengine: "Toleo la tatu. Majina sitini na moja yaliondolewa na rejista ikachomwa. Aliyefanya hivyo ni Kitenge, mwalimu wa darasa la sita." Mzee Ismaël alitaka mistari hiyo ifutwe mbio, kwa heshima ya mvi zangu. Régina alisimama. Akasema, "Muache. Hakuna mutu wa kufutwa tena hapa, hata yeye." Akaja mbele akanishika mkono.

Toleo la tatu nalo lisifutwe. Mtu akitaka kujua nilivyokosea, alione.

Nakuandikia kwa haraka, maana tangu Jumapili watu wanakuja nyumbani na vitu vyao: kadi za ubatizo, picha za darasa, daftari lenye sahihi yangu. Wa 1999 wanasema wao pia walikatizwa. Mama mmoja, Sifa, ametembea tangu alfajiri na jina la dada yake limeandikwa kwenye kiganja, akiogopa kulisahau. Nimelinakili mara tatu, katika karatasi tatu, nikaziweka vyumba vitatu.

Wakati huu wako kumi na saba uani, na wawili wanashuka kwenye baiskeli. Kamati imekubali tuanze toleo la tano. Njoo na kompyuta. Nimekwisha kupanga viti.

Mjomba wako,
Kitenge